Analaiza ya gesi inanidanganya: maswali yenu na majibu

Fundi, napitisha gesi ya H2S (salfidi ya hidrojeni, ile gesi ya sumu) ya 25 ppm (sehemu kwa milioni) lakini analaiza, kile kifaa cha kupima gesi, inasoma 17, tena inapanda kwa kujivuta sana. Niisukume tu mpaka isome 25?

Usiisukume! Kwanza niambie mpira wa kupitishia gesi uliotumia ni wa aina gani, maana H2S inanata kwenye mpira wa kawaida, yaani gesi inatoka kwenye mtungi 25 inafika kwenye sensa imepungua, wewe ukirekebisha spani (ile namba ya juu inayolinganishwa na gesi ya mtungi) hapo umeifundisha analaiza kusoma juu kuliko ukweli na wiki ijayo utaniandikia kwamba alamu zinalia bila sababu. Weka mpira wa Teflon, mfupi, angalia kama flo ni ile aliyosema mtengenezaji (nyingi huwa karibu nusu lita kwa dakika), angalia na tarehe ya mwisho ya mtungi, halafu subiri namba itulie kabisa. Watu hawapendi kusubiri, hapo ndo tunapokosea wengi. Ukifanya yote hayo na bado 17, haya, sasa tuanze kuishuku sensa, hasa kama ina miaka miwili mitatu.

Kuseti ziro, yaani pale analaiza inapotakiwa kusoma sifuri, naweza kutumia hewa ya kawaida tu, au lazima nitrojeni?

Inategemea unapima nini. Kama ni oksijeni, hewa ina 20.9% kwa hiyo hiyo ni spani yako, ziro unatumia nitrojeni. Ila kama sensa ni ya zirkonia (aina ya kauri) usiipe nitrojeni tupu, ile haiwezi kusoma sifuri kamili, mpe gesi yenye oksijeni kidogo, 1% au 2% hivi. Za CO (monoksidi ya kaboni) hewa inafaa kama ni safi kweli, sio umesimama karibu na boila halafu unabonyeza ziro, hapo umeificha CO iliyokuwepo na analaiza itasoma chini siku zote. Na zile sensa za gesi zinazolipuka za kuchoma, zile za katalisti, zinahitaji oksijeni ili zifanye kazi, kwa hiyo mtungi wa spani uwe wa gesi iliyochanganywa na hewa, sio na nitrojeni. Nimeona mtu amebadilisha sensa mbili mpya kwa sababu ya hili tu.

Skrini inasema 20 ppm, chumba cha udhibiti wanaona 50. Nani mkweli?

Skrini. Renji yako (kipimo cha chini hadi cha juu) ni 0 hadi 100 sindiyo? Analaiza inatuma ishara ya umeme ya 4 hadi 20 mA (miliampia), basi 20 ppm inatoka kama 7.2 mA, na wao wameseti 0 hadi 250, ile 7.2 kwao ni 50. Warekebishe renji, usiguse kalibresheni (ule ulinganishaji wa analaiza na gesi ya mtungi).

Alamu imewekwa 10 ppm, inalia inazima inalia inazima, tumechoka.

Weka pengo, ilie kwenye 10 na izime ikishuka mpaka 8. Sekunde chache za kuchelewesha ni sawa kwa alamu ya kwanza, ile ya juu ya H2S usiicheleweshe, tena iwe ya kubaki imelia mpaka mtu aende mwenyewe kuiriseti. Na kwenye oksijeni msiweke ya chini peke yake (19.5%), weka na ya juu 23.5%, oksijeni ikizidi vitu vinawaka kirahisi mno.

Waya wa king'ora ulikatika mwezi mzima hakuna aliyejua. Tungejuaje?

Rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iwe inashikiliwa na umeme muda wote mambo yakiwa sawa, ikitokea gesi, au umeme ukikatika, au waya ukikatika, inaachia na king'ora kinalia. King'ora chenyewe basi kiwe na umeme wake pembeni, la sivyo kitalilia wapi. Halafu ukimaliza kuunganisha chomoa waya kwa makusudi usikie, ila weka kwanza mfumo kwenye hali ya matengenezo na uwaambie walio zamu, mimi niliwahi kusahau nikazima mtambo mzima saa nane usiku.