Waziri wa Nchi ni nani hasa? Majibu kwa wasomaji wetu

*Mimi ni dereva wa lori, Busia. Nikiwa Dodoma naambiwa Waziri wa Nchi ni mtu mkubwa. Nikirudi Uganda naambiwa ni mdogo. Kulikoni?*

Hujasikia vibaya, ndugu yangu. Tanzania, Waziri wa Nchi ni waziri kamili aliyewekwa Ofisi ya Rais au ya Waziri Mkuu, naye huingia Baraza la Mawaziri. Aliye chini yake ni Naibu Waziri. Kwetu Uganda jina hilohilo amepewa yule anayemsaidia waziri kamili, na Barazani si mjumbe. Baganda humwita *minisita omubeezi*, waziri msaidizi. Naona wametupita sisi Waswahili kwa hilo, maana jina lao linataja kazi yenyewe. Hivi Kiswahili kinavyozidi kuingia serikalini, hasa tangu Baraza la Mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, jambo hili linafaa kutazamwa mapema.

*Cheo hiki kilianza lini? Mwanafunzi wa sekondari, Mbale.*

Mwanangu, kilikuja kwa majina mbalimbali. Baada ya uhuru wa 1962 walikuwapo makatibu wa bunge, yaani wabunge waliowekwa kuwasaidia mawaziri. Baadaye tukawa na manaibu waziri. Katika serikali ya pili ya Rais Milton Obote, 1980 hadi 1985, unawakuta manaibu na mawaziri wa nchi kwa pamoja. Peter Otai, kwa mfano, alikuwa Waziri wa Nchi wa Ulinzi. Mchanganyiko huo uliendelea hata baada ya NRM, chama cha Museveni, kushika madaraka 1986.

Aliyenyoosha mambo ni Katiba ya 1995. Soma Ibara ya 114: Rais, kwa idhini ya Bunge, anaweza kuteua "mawaziri wengine" wa kuwasaidia mawaziri wa Baraza. Idadi yao isizidi 21, isipokuwa Bunge likubali. Na Bunge limekuwa likikubali: siku hizi ni zaidi ya mara mbili ya hao 21.

*Binti yangu haamini kwamba waziri mdogo, tena mwanamke, aliwahi kwenda porini kuonana na Kony, kiongozi wa waasi. Mwambie wewe. Mama muuza nguo, Gulu.*

Mama, nitamwambia kwa furaha, kwa sababu hii ndiyo habari ninayoitaja kila ninapomsikia mtu akikidharau cheo hiki.

Mwaka 1988 Betty Bigombe aliteuliwa Waziri wa Nchi wa kutuliza kaskazini mwa Uganda, na makao yake yakawa hukohuko Gulu, vita vikiwa vimepamba moto. Ni Mwacholi, basi alikuwa akizungumza na watu wake kwa lugha yao. Operesheni kubwa ya jeshi ya 1991 ilipita bila kuwamaliza waasi, na wanavijiji waliopewa pinde na mishale wajilinde ndio waliolipa, kwa kukatwa viungo. Bigombe akaanza kuwasiliana na waasi, na hatimaye akaketi uso kwa uso na Joseph Kony. Kwa miezi kadhaa bunduki zilipungua sauti, na watu wakaanza kuthubutu kulala majumbani mwao.

Kisha, Februari 1994, Rais Museveni alitoa siku saba: waasi wajisalimishe ama jeshi liwafuate. Mazungumzo yakavunjika palepale. Bigombe, aliyekuwa amejenga imani ile neno kwa neno, hakuwa na kiti Barazani. Vita viliendelea zaidi ya miaka kumi, na kilele chake kilipofika, watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa kambini. Mimi siwezi kuapa kwamba amani ingepatikana 1994. Lakini naumia kila nikifikiri kwamba ilikuwa karibu vile. Mwambie binti yako pia kwamba Bigombe, akiwa ameshaacha uwaziri, alirudi tena kujaribu upatanisho 2004 na 2005.

*Bunge linaweza kumwondoa waziri wa nchi? Fundi wa redio, Arua.*

Linaweza. Ibara ya 118 inataka theluthi moja ya wabunge watie sahihi, kisha zaidi ya nusu ya wabunge wote wapige kura ya kumkataa. Bunge la Sita lilifanya hivyo kwa Jim Muhwezi, Waziri wa Nchi wa Elimu ya Msingi, 1998, na kwa Sam Kutesa wa Fedha mwaka uliofuata. Wote wawili walirudi baadaye wakiwa mawaziri kamili, Muhwezi Afya na Kutesa Mambo ya Nje. Kwa maoni yangu wabunge wale walifanya kazi iliyowaweka hapo, na natamani ujasiri ule uonekane tena.

*Kwa nini Karamoja ina waziri wake? Mzee mfugaji, Moroto.*

Shikamoo mzee. Si Karamoja peke yake: Teso, Bunyoro, Kaskazini na Luwero nazo zimekuwa na mawaziri wa nchi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kila moja kwa jeraha lake la zamani. Luwero ni vita vya 1981 hadi 1986. Kwenu ni bunduki, ukame na wizi wa mifugo. Janet Museveni alikabidhiwa Karamoja 2009 akiwa waziri wa nchi, akapandishwa kuwa waziri kamili 2011.

Najua pia unachotaka kuuliza, mzee, hata kama hukukiandika. Ni yale mabati ya serikali yaliyoishia mikononi mwa wasiostahili; yalikusudiwa kaya za Karamoja, wakiwemo vijana walioacha bunduki. Aprili 2025 Mahakama ya Kupambana na Rushwa ilimtia hatiani Agnes Nandutu, Waziri wa Nchi wa Karamoja, kwa baadhi ya mabati hayo, ikamhukumu kifungo cha miaka 4.