Muziki huu wa fidla unaitwaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma Galway, Ayalandi. Nimekutumia kipande nilichorekodi kwa simu, wazee wakipiga fidla baa. Shazam, programu ya simu ya kutambua nyimbo, imegoma kabisa kukitambua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shazam hulinganisha rekodi na rekodi, na hao wazee wako hawamo kwenye hazina yake. Wewe tafuta kwa melodia, yaani mfuatano wa noti zenyewe.

Kwanza, humo mna nyimbo mbili. Katikati fidla inahamia nyingine bila hata kupumua. Ndiyo kawaida yao, huziunganisha. Zikate. Ya kwanza ni jigi (aina ya muziki wa dansi wa Kiayalandi) ya 6/8: gonga meza moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, utaona inakaa. Ya pili ni rili, aina nyingine ya dansi, inahesabika kwa nne. Sehemu ya kwanza ya kila wimbo ina bari 8 (vipande vidogo vya mapigo), kisha inarudiwa; hizo 8 zakutosha. Zijifunze kwa filimbi, uipigie programu ya Tunepal, ambayo husikiliza noti na kuzilinganisha na makusanyo kama la Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago, aliyechapisha nyimbo 1,850 mwaka 1903. (Polisi wa namna hiyo nawataka hata huku!)

Ikikuletea majina matatu kwa wimbo mmoja, usishtuke. Yote yaweza kuwa sahihi.