Dahlia Mweusi na shilingi 2,000 zangu

Mwaka 2008 nilinunua CD Kariakoo kwa jamaa aliyekuwa amezitandaza juu ya turubai, kava zake zimechapwa kwenye karatasi inayochuja rangi ukiishika na jasho. Nilikuwa naitafuta filamu ya 2006 ya mwongozaji Brian De Palma kuhusu msichana aliyeuawa Los Angeles mwaka 1947, ambaye magazeti yalimbatiza Black Dahlia, yaani Dahlia Mweusi. Jamaa akachomoa moja bila hata kuangalia. Jina lilikuwa karibu lilelile, na kwenye kava msichana mwenye midomo myekundu. "Tukio la kweli hiyo, kaka, hulali leo." Nikatoa elfu mbili. Sikumwambia hata ajaribishe kwenye deki yake.

Nililala vizuri tu. Ilikuwa filamu nyingine kabisa, iliyoshutiwa kwa kamera ya video kama za harusi zetu. Mambo yanatokea Los Angeles ya siku hizi, siyo ya 1947. Kituo cha polisi ni chumba chenye meza moja na ramani ukutani, na kila mpelelezi akiingia unasikia mwangwi kana kwamba wamehamia leo, bado hawajaleta makochi. Wasichana wanaitwa kwenye usaili wa uigizaji, wanauawa, wanapiga kelele, anaitwa mwingine. Nilipeleka mbele, nikarudisha nyuma, nikidhani labda nimepitwa na kitu. Wapi.

Ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi, nitaupita haraka. Usinunue kava, soma jina la mwongozaji. Filamu kubwa ikikaribia kutoka kuhusu kifo kilichovuma, kuna watu hukimbia kutengeneza ndogo yenye jina linalofanana, idandie basi lile lile. Angalia mwaka, angalia nani anaigiza, tazama trela dakika mbili usikilize sauti (sauti haidanganyi, picha inaweza). Na yale maneno "imetokana na tukio la kweli" yasikutetemeshe. Hakuna mtu anayepita na rula kupima ukweli ni sentimita ngapi. Siku hizi CD zimekwisha lakini mchezo ni uleule kwenye simu: picha ndogo, midomo myekundu, unabonyeza.

Ila kilichoniudhi hasa si elfu mbili. Ni kwamba nilikaa karibu saa nzima na nusu na filamu inayodai kuhusu kifo cha mtu, na mtu mwenyewe sikumwona. Ndipo nikaanza kusoma kesi yenyewe, na hapo ndipo nilipochukia kweli.

Alikuwa anaitwa Elizabeth Short, miaka 22, mzaliwa wa Boston, akakulia mji wa Medford jirani na hapo. Baba yake alitoweka mwaka 1930, gari likakutwa limeachwa darajani, familia ikaamini amejitupa majini. Miaka kadhaa baadaye akaandika barua: yupo California, mzima. Binti akaenda kuishi naye, wakashindwana. Alikuwa na mchumba rubani wa jeshi, akafa kwa ajali ya ndege Agosti 1945, vita ikiwa inaisha. Asubuhi ya Januari 15, 1947, mama mmoja akitembea na mtoto wake mdogo mtaa wa Leimert Park aliona kitu cheupe kwenye kiwanja kitupu, akadhani ni sanamu ya dukani, ile ya kuvalisha nguo. Ulikuwa mwili wa Elizabeth. Alama za vidole zikatumwa Washington kwa mtambo wa magazeti wa kurushia picha, na FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wakamtambua ndani ya dakika 56. Walikuwa na alama zake kwa sababu mbili, zote za 1943: aliomba kazi kwenye duka la kambi ya jeshi, na baadaye akakamatwa Santa Barbara kwa kunywa pombe kabla ya umri. Makumi ya watu walijitokeza kukiri kwamba wao ndio waliomuua. Muuaji hajapatikana mpaka leo.

Sasa sikiliza hili. Jina lilipojulikana, waandishi wa gazeti la Examiner la Los Angeles wakampigia simu mama yake kule Medford kabla hajaambiwa na mtu yeyote. Wakamwambia binti yake ameshinda shindano la urembo. Mama akafurahi, akaanza kuongea, nani asingeongea? Wakamuuliza anapenda nini, alisoma wapi, mara ya mwisho aliandika lini barua, nao huku wanaandika. Walipomaliza kumkamua ndipo wakamwambia ukweli.

Nilipofika hapo niliweka simu chini nikatoka nje.

Halafu akili ya mtu anayependa filamu ikaanza kupiga hesabu. Tukio hili lingegharimu nini? Chumba kimoja, kiti, simu ya mezani, mama mmoja wa makamo, na sauti ya mwanaume upande wa pili ambaye hata sura yake huhitaji kuionyesha. Hakuna damu. Gari la zamani hulihitaji. Hata hapa Bongo tungeishuti kwa hela ya chai na nauli za watu wanne. Wale jamaa waliotengeneza filamu ya CD yangu walikuwa na bajeti ya kuungaunga, sawa, lakini ndani ya kesi yenyewe mlikuwa na tukio linalovunja moyo kuliko yote, na ndilo la bei rahisi kuliko yote. Wakaliacha, wakaenda kununua ndoo ya rangi nyekundu.

Kwa hiyo usikubali mtu akikwambia filamu ile ilikuwa mbovu kwa sababu haikuwa na hela. Ya De Palma niliipata baadaye. Ilitumia kama dola milioni 50, sehemu kubwa wakaishutia Bulgaria, na bado wengi walitoka wakikuna vichwa. Lakini muulize aliyeiona anakumbuka nini. Vipande vya usaili, picha isiyo na rangi, msichana amekaa mbele ya kamera anajibu maswali, anajaribu kuchekesha, anaona aibu. Yaani kati ya mamilioni yote yale, kilichobaki kichwani ni msichana anayeongea.

Nayajua haya kwa kuyasoma, na pia kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya kosa lile lile, tena nikiwa nimeshaliona kwa wengine.

Mwaka 2015 kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu alikodiwa saa nne usiku. Asubuhi akakutwa amekufa kando ya mtaro, pikipiki haipo. Mtaa mzima ulizizima. Sisi vijana watano tuliokuwa na kamera moja ya kuazima tukasema hii ni filamu. Skripti niliandika mimi, siku tatu. Tulishuti siku nne. Tulikuwa na stelingi, mpelelezi mwenye koti (joto la Machi Dar es Salaam, na koti), tulikuwa na mtaro, tulikuwa na rangi ya chakula iliyochanganywa na asali kwa ajili ya damu. Siafu waliipenda ile damu kuliko watazamaji.

Ilikuwa mbaya. Nasema kwa moyo mweupe. Maiki ilikuwa ile ya kamera, kwa hiyo upepo uliongea kuliko waigizaji. Lakini hata watu tuliowaonyesha kwenye banda umiza hawakulalamikia sauti. Walicheka pale tulipotaka walie, kisha wakaomba wawekewe mpira.

Nilikwenda kwa mama wa marehemu baada ya hapo. Baada! Ndiyo sababu naandika haya, ili wewe uende kabla. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kigoda hicho."

Habari alikuwa ameshazisikia, mtaa hauna siri. Akasema nimwonyeshe. Nikamshikia simu, akatazama bila kuacha kuchambua, jicho mchele, jicho simu. Tulipofika kwenye mtaro alitikisa kichwa kidogo, basi. Ikaisha. Akaokota chuya mbili tatu, akazitupia kuku.

"Mwanangu mlimpa maneno mangapi humo?"

Nikafikiri. Hakuwa na hata neno moja. Katika skripti yangu anatokea ukurasa wa pili, anawasha pikipiki, ukurasa wa tatu ameshakufa. Kurasa zote zilizobaki ni mpelelezi na koti lake.

"Alikuwa na kigugumizi," akasema. "Mmesahau?"

Tulikuwa tumesahau. Tumepanda pikipiki yake miaka, tumebishana naye nauli, tumemcheka akikwama kwenye neno "mia tano", na tulipokaa kuandika filamu kuhusu kifo chake hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka hilo.

Basi, wewe unayepanga kushuti kisa cha kweli na hela ya kuungaunga, haya ndiyo ninayoweza kukupa. Kabla ya kuandika kifo, andika kurasa tano ambazo marehemu yuko hai na anaongea. Ukishindwa kuzijaza, maana yake humjui, na dawa yake ni kwenda kwa waliomjua, siyo kuongeza polisi. Nenda na mkubwa mmoja anayeheshimika, usiende na kamera siku ya kwanza. Wakikataa, wamekataa. Badili kisa, badili mtaa, badili kazi ya mhusika, na usije ukaandika "tukio la kweli" kwenye kava kwa mlango wa nyuma.

Kama kesi bado iko mahakamani, tulia. Usimwonyeshe mtu ambaye kila jirani atamtambua kuwa ndiye muuaji, wakati hakimu mwenyewe hajasema. Kibali cha Bodi ya Filamu ufuatilie, sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976, lakini kibali kile ni cha serikali. Cha mama unakiomba kwenye kigoda.

Na hela yako ndogo ipeleke kwenye sauti. Kodi maiki nzuri siku mbili, achana na damu. Tafuta lile tukio la watu wawili ndani ya chumba kimoja. Kila kifo kinalo: mtu anayepokea simu, anayekwenda kutambua nguo, anayepika chakula kingi kwa mazoea halafu anakumbuka kwamba mlaji hayupo.

Ninyi watazamaji wenzangu, mkikwama na filamu ya namna hii, ukifika nusu saa hujui marehemu alikuwa anapenda kula nini, zima. Tumia muda uliobaki kusoma kesi yenyewe. Ya Elizabeth Short, FBI wameweka faili lake mtandaoni, halilipiwi.

Ile yetu tuliirudia kipande. Tukaenda kwenye kijiwe chake jioni, bila taa, tukashuti anabishana nauli na abiria. Mwigizaji alirudia mara tisa mpaka kigugumizi kikatoka bila kuchekesha. Mara ya tisa wale bodaboda waliokuwa wamekaa pembeni walinyamaza wote, mmoja akainuka akaenda kusimama nyuma ya mwembe.

Nikampelekea mama. Akatazama mara mbili, safari hii ungo ameuweka chini. Akaniomba nimwekee kipande kile peke yake kwenye memori kadi. Hicho kingine, akasema, nibaki nacho mwenyewe.