Amesomewa namba sita, kaondoka na WhatsApp

SWALI: Nilipigiwa na mtu aliyejifanya mwanachama wa kikoba chetu. Alisema amenitumia namba kimakosa, nimsomee. Nikamsomea, muda si mrefu WhatsApp ikanitoa, na ndugu wakaanza kuombwa pesa kwa jina langu. Nifanyeje? Na meseji zangu za zamani ameziona?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwanza wapigie ndugu na mweka hazina simu ya kawaida, wasitume hata senti. Kisha fungua WhatsApp, andika namba yako, subiri meseji ya tarakimu 6, uziingize. Hapo hapo tapeli anatolewa. Usibonyeze "tuma tena" mfululizo, utaambiwa usubiri saa kadhaa.

Ikikudai PIN usiyoijua, ameiweka yeye ili akucheleweshe. Utasubiri siku 7, lakini naye hayumo tena, alitoka ulipoingiza zile tarakimu 6.

Meseji za zamani zimo kwenye simu yako na kwenye nakala ya Google Drive au iCloud kama unahifadhi huko, kwa hiyo namba sita peke yake haimfikishi. Alichokipata ni vikundi: majina, namba za wanachama na kila kilichoandikwa akiwa ndani. Kikoba ni shamba zuri kwake, maana watu humo wamezoea kutumiana pesa.

Ukisharudi, ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN yako (siyo mwaka wa kuzaliwa, tafadhali) pamoja na barua pepe, la sivyo ukiisahau utahangaika. Angalia pia vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua kiondoe.

Kuna mtego wa pili usiotaja namba sita kabisa. Unaambiwa upige *21* ikifuatiwa na namba fulani ya simu. Ukipiga, simu zako zinaelekezwa kwake, naye anaomba WhatsApp imsomee namba ya uthibitisho kwa sauti. Kama uliwahi kupiga, futa kwa ##21#.

Namba ya tapeli iripoti kwa meseji kwenda 15040. Ukiwa na simu mkononi, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe.

SWALI: Nimebadili laini, ile ya zamani nimeitupa. Kuna ubaya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Upo. Laini isiyotumika hufungwa, na baadaye namba huuzwa kwa mtu mwingine. Kama barua pepe, Facebook au benki bado zinaijua, meseji za kubadili nywila zitaingia kwake. Badilisha namba benki kwanza, halafu barua pepe, kwani hiyo ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote. WhatsApp ina "Badilisha namba" ndani ya Akaunti. Itumie, usifungue akaunti mpya ukaiacha ya zamani inaelea.