Maswali ya Wasomaji: Saa 72 Zinaanza Wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mwaka 2021, wakati wa Uviko-19, mwanangu alizuiwa kupanda ndege Maskati kuja Unguja. Majibu yake ya PCR, kile kipimo cha maabara cha kutafuta kirusi, yalitoka Jumanne, safari ilikuwa Alhamisi asubuhi, akaambiwa cheti kimepitwa. Mwenzake alifika na cheti kizuri, nasi tukashauriwa tumtenge. Maradhi kama yale yakirudi, tufanyeje? – Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Mwanao aliponzwa na tarehe ya majibu. Saa huhesabiwa tangu kijiti cha pamba kilipoingizwa puani, na masharti ya Tanzania ya 2021 yalitaka sampuli iwe ya ndani ya saa 72 kabla ya kufika, si kabla ya kuondoka. Tuseme alipimwa Jumatatu saa 3 asubuhi ya Maskati. Kwetu hiyo ni saa 2, maana Oman wametutangulia saa moja. Basi Alhamisi saa 2 asubuhi cheti kimekwisha. Ndege ikitua uwanja wa Kisauni, Unguja, saa 5, amechelewa saa 3 nzima. Angepimwa Jumanne mchana, angebakiwa na nafasi hata ndege ikichelewa. Cheti huandika 09:00, hivyo anayehesabu kwa saa zetu awe macho. Atazame na jina: pasipoti ikiwa na majina matatu na maabara ikaandika mawili, anaweza kukataliwa.

Sasa kumtenga. Kipimo kinasema hali ya saa ile tu. Kirusi cha Uviko-19 huchukua siku 2 hadi 14 kabla ya dalili, na wengi huzionyesha karibu siku ya 5. Aliyeambukizwa Jumapili, Jumatatu kijiti hakioni kitu. Ijumaa anakohoa ukumbini kwenu. Ndiyo maana ya zile siku 14 za kutengwa, na siku ya kufika ilihesabiwa sifuri.

Mpeni chumba chenye dirisha, chakula kiwekwe mlangoni. Panapoharibika zaidi ni choo cha pamoja na jamaa wanaokuja kumwamkia. Salamu zipitie simu. Chooni aingie wa mwisho, kisha mpanguse kitasa, bomba na kikalio kwa jiki: ya asilimia 5, pimeni mililita 20, mjaze maji hadi lita moja, mwache angalau dakika moja. Msiichanganye na siki wala dawa nyengine ya choo, hutoa hewa ya sumu.

SWALI: Nilishapona Uviko-19 wiki tatu zilizopita, PCR bado inasema ninao. Naambukiza?

JIBU: Kwa kawaida hapana. PCR hunasa hata mabaki ya kirusi kilichokufa, na kwa baadhi ya watu huendelea hadi miezi mitatu. Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani protini za kirusi, huacha kuonyesha mapema zaidi. Kama unasafiri na cheti kinatakiwa, omba barua ya daktari yenye tarehe ya kipimo cha kwanza, na uulize shirika la ndege kama wanaipokea kabla hujalipa tiketi.