Macho ndiyo yanayodaka: majibu kwa wapokeaji wa futiboli ya Kimarekani

Shikamoo kocha. Nina miaka 16, tumehamia Columbus, Ohio, tukitokea Kigoma. Shuleni wamenipanga mpokeaji, yule anayekimbia kudaka pasi, kwa sababu nina mbio, lakini pasi zinanigonga kifuani na kuruka. Nifanyeje?

Marahaba. Hapo kifuani ndipo penye tatizo: unaukumbatia mpira badala ya kuudaka. Kifua hakina vidole, na mpira ule wa ncha mbili ukikigonga huruka kokote. Nyoosha mikono ukutane nao mbele yako, viwiko vikiwa vimelegea kidogo. Ukija juu ya kifua, kutanisha vidole gumba na vya shahada, katikati pabaki tundu la pembetatu, karibu na kipa anavyodaka shuti la juu. Ukija chini ya kiuno, geuza: vidole vya mwisho ndivyo vikaribiane, kama unayekinga maji bombani. Wa usawa wa tumbo ndio unaoumbua wengi, maana mikono inasita iende juu au chini. Kunja magoti ushuke, ukufikie kifuani.

Sasa macho. Pasi nyingi nilizoona zikiponyoka, mpira ulikuwa umeshafika. Mtu alishageuza shingo kumtafuta beki. Ikazie macho ncha ya mbele mpaka iingie viganjani, na usiiache mpaka mpira uwe umebanwa kwapani. Andika namba kubwa kwenye mpira, mwenzako aurushe, nawe itaje kwa sauti kabla ya kuubana. Utashangaa siku za kwanza utakavyokuwa unabahatisha.

Rafiki zangu wote wanacheza soka, hakuna wa kunirushia. Naweza kujifunza peke yangu?

Unaweza. Tafuta ukuta na mpira wa tenisi, udake kwa mkono mmoja mmoja. Usiku lala chali, rusha mpira juu, udake kwa ncha za vidole bila kishindo, ukisikia "pa!", umetumia kiganja. Jerry Rice, mwenye rekodi ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, ya kudaka pasi 1,549, alikulia Mississippi akimsaidia baba yake aliyekuwa mwashi, akidaka matofali aliyorushiwa na kaka zake. Wewe baki na tenisi, mama yako asije akanipigia simu.

Mwanangu anataka glavu za bei kubwa, eti adake kwa mkono mmoja kama Odell Beckham Jr. Ninunue?

Dada yangu, glavu zinasaidia kweli, zinanata. Zamani wapokeaji walijipaka hadi gundi, NFL ikapiga marufuku mwaka 1981. Mnunulie za bei ya kawaida, nusu ya mazoezi afanye mikono mitupu. Na mkumbushe kwamba Beckham, siku ile ya Novemba 2014 alipodaka kwa mkono mmoja dhidi ya timu ya Dallas Cowboys, alikuwa anachezewa faulo na beki. Mkono mmoja ni wa wakati wa shida tu.

Nacheza raga Nairobi. Itanifaa nikihamia futiboli ya Kimarekani?

Itakufaa. Mkenya Daniel Adongo alitoka raga akaingia timu ya NFL ya Indianapolis Colts mwaka 2013, ingawa hakuwa mpokeaji. Kitakachokusumbua ni pasi inayotokea nyuma, juu ya bega, ukiwa mbio. Geuza kichwa, mabega yabaki yanatazama mbele, na mikono itoke dakika ya mwisho. Ukiinyoosha mapema unapunguza mwendo, na beki asiyeuona mpira anasoma mikono yako.