Barua kwa mwanangu: Asipofika, nani atamuulizia?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikamsomea baba yako. Unasema kijana mliyekabidhiwa na ustawi wa jamii hapo Dodoma ametimiza miezi minne kwenu. Yuko kidato cha kwanza, adabu anayo, masomo anajitahidi, ila akirudi shule ni chumbani. Jioni husimama kwenye uzio akiwatazama wenzake wanacheza mpira, akiitwa anaingia ndani. Afisa ustawi kawaambia mumshirikishe kwenye shughuli za jamii, nawe unaniuliza: shughuli gani, na mnaanzia wapi?

Nitakujibu kwa yaliyotokea hapa nyumbani, maana wakati ule ulikuwa chuoni na mengi hukuyaona.

Mdogo wako aliletwa mwaka 2013, ana miaka 14 na mfuko mmoja wa nguo. Wiki ya tatu kukawa na harusi mtaa wa pili. Nikaenda naye, na mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele nikasema, "Huyu binti nimeletewa na ustawi, yatima, hana mtu." Nilisema kwa mapenzi, Mungu anajua. Nao wakamhurumia. Mmoja akamshika shavu, "masikini mtoto wa watu," na pilau ilipoiva akapakuliwa yeye wa kwanza, nyama juu mpaka inamwagika. Hakula. Aliipakata ile sahani mpaka mafuta yakaganda. Tangu siku hiyo, kila nikimwita twende shughulini tumbo linamuuma. Kosa lilikuwa langu: nilimpeleka kwa watu kama mzigo wa kuchangiwa.

Aliyenitoa kwenye kosa hilo ni bibi jirani, yule aliyekuwa akitunza vyombo vya kikundi chetu cha akina mama, masufuria na sahani tunazokodisha. Macho yalishaanza kumchoka. Alikuja asubuhi moja, hakuniuliza mimi, akamuuliza yeye: "Mjukuu wangu, mwandiko wako unasomeka? Daftari langu silioni tena." Akamwachia daftari na kalamu, akaenda zake.

Basi ukaanza ukarani. Vyombo vikitoka anaandika, vikirudi anahesabu. Nakumbuka harusi moja zilitoka sahani 120, zikarudi 117. Mjomba wa bwana harusi akamwambia, "Tatu tu hizo, binti yangu, zisamehe." Mtoto yule, ambaye nyumbani sauti yake tulikuwa tukiisikia kwa taabu, akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye saini ya mzee mwenyewe, akasema, "Baba, bado tatu." Zikatafutwa, zikapatikana. Zilikuwa zimetumika kuwapelekea wagonjwa chakula.

Kisha akashikwa na malaria, siku nne hakutoka. Siku ya pili tu mlango ukabishwa, katoto kametumwa: "Bibi anauliza, mwenye daftari yuko wapi?" Nilirudi ndani nikamwambia, "Unaulizwa huko nje." Akageukia ukutani. Nilidhani analala, kumbe analia. Baadaye ndiyo akaniambia kwamba tangu mama yake azikwe hakuwahi kusikia mtu akimuulizia kwa sababu anamhitaji.

Kwa hiyo, mwanangu, usitafute shughuli nyingi. Tafuta mahali pamoja ambapo kijana huyo asipofika, kazi itapwaya na mtu atauliza. Huo mpira, muulize kwanza kama anaupenda, au anatazama kwa kuwa ndicho kilicho mbele ya uzio. Kama anaupenda, mumeo azungumze na mwalimu wa timu faraghani, asiseme habari za uyatima, aseme nina kijana nyumbani, ana muda jioni, mna kazi gani? Atunze mipira na jezi, aandike majina ya waliofika, uwanjani ataingia mwenyewe siku yake ikifika. Afisa akiwatajia skauti ya shule au baraza la watoto la mtaa, ni mambo mazuri, mradi mtoto achague. Na tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, mtu akitaka kumsimamisha mbele apokee sabuni na sukari akipigwa picha, kataa kwa adabu lakini kataa. Nimewaona watoto wa makao wakipangwa mstari kwa namna hiyo, na nyuso zao sijazisahau.

La dini msilipite. Mdogo wako alitoka Lushoto, Mlutheri wa kuzaliwa. Baba yako ndiye aliyemsindikiza mazoezi ya kwaya kila Jumamosi, na kofia yake kichwani, akakaa barazani nje ya kanisa mpaka watoke. Wapo waliosema. Baba yako aliwajibu kwamba mtoto huyu ni amana, na amana hurudishwa kama ilivyopokelewa. Hata jina la baba yake hatukuligusa. Malezi ya kambo, kama haya yetu, si kuasili, yaani kumfanya mtoto wako kabisa kisheria; mtoto anabaki na ukoo wake, na sisi Waislamu tumefunzwa hivyo hivyo kuhusu kulea yatima. (Hilo neno "kambo" silipendi, linawakumbusha watu mama wa kambo wa kwenye hadithi.) Kama ana shangazi au ndugu popote, mwombe afisa ustawi asaidie wasikilizane hata kwa simu.

Sasa makaratasi, usicheleweshe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto mpaka atimize miaka 18, na siku hiyo ikifika vijana wengi wa namna hii hujikuta peke yao. Kama hana cheti cha kuzaliwa, anzeni RITA, wanaosajili vizazi na vifo, mwaka huu huu, afisa awaandikie barua. Bila cheti atasumbuka kupata kitambulisho cha taifa cha NIDA, na bila namba ya NIDA hata laini ya simu hasajili kwa jina lake. Mdogo wako alihangaika na cheti miezi minane, kwa sababu mimi nilidhani ni jambo la kusubiri.

Cherehani mdogo wako alijifunza VETA, chuo cha ufundi, lakini wateja wake wa kwanza walikuwa wale wale wa daftari. Na akifika ukubwani, huyo wenu naye ajue kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya vijana. Kikundi ni watu wanaokujua, ndiyo maana nasisitiza hao watu aanze kuwapata sasa.

Mdogo wako amesoma barua hii kabla sijaituma, kisa ni chake na ameniruhusu nikusimulie. Anasema kijana akikubali, atampigia simu Jumapili jioni. Asilazimishwe.

Baba yako anauliza kijana anavaa viatu namba ngapi. Nijibu kabla ya Alhamisi, kuna jirani anasafiri kuja huko.

Mama yako,
Tanga